Namba Arobaini na Mbili

20 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi ni mzima, ila mashavu yamejaa kwa kukaa ndani bila kwenda popote.

Umeona tarehe nimeiandika juu kabisa? Sitaki yanikute ya Februari. Nani mwingine duniani anamwandikia baba yake barua, kisha anarudishiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na chini yake kumi na mbili kwa ishirini?

Shule zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa huu, na njia za kusafiri pia, lakini walimu hatujafungwa. Sasa nafundisha historia kidato cha tatu kwa kompyuta, humu humu chumbani. Meza yangu ni ubao wa kupigia pasi, na kompyuta nimeipandisha juu ya sufuria mbili nilizozifunika kifudifudi ili kamera isinionyeshe kidevu tu. Wanafunzi wangu ni arobaini na mmoja na sura zao sizioni, maana wamezima kamera ili bando lisiishe. Naona vibao vyeusi vyenye majina. Nikitania sijui kama kuna aliyecheka. Juzi niliuliza Vita Kuu ya Kwanza ilianzaje, nikasubiri, nikasubiri, aliyejibu akawa jogoo wa kwao mmoja. Ndipo Kasuku akasema, "Mwalimu, huyo naye mpe alama zake." Kasuku ni yule binti niliyekusimulia, asiyeweza kufunga mdomo hata kwenye mtihani. Bila yeye ningekuwa naongea na ukuta.

Majina bado nayaita kwa daftari la karatasi, kama wewe. Aliyepo tiki, asiyekuwepo duara. Mwenye maduara matatu mfululizo, mwalimu mlezi anapiga simu kwao kuuliza kulikoni.

Sasa nina ombi. Najua simu umeikataa, unasema maneno yake hayaachi ushahidi. Lakini jirani yako fundi cherehani anayo, na nimeshamweleza namna ya kuingia. Kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi kaa naye usikilize darasa langu. Nahitaji mtu mmoja mle ndani ambaye nina hakika ananisikiliza.

Mwanao,
Kitindamimba

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa, ukiliacha lile goti, ambalo nalo limestaafu.

Nimehudhuria vipindi vitatu sasa. Fundi anakaa ndani na cherehani yake, mimi nakaa barazani dirishani kwake, na simu tunaiweka juu ya dirisha. Siku ya kwanza alitoka na utepe wake wa kupimia, akanipima mita mbili kamili kutoka kwake, akapachora kwa chaki ya kitambaa. Kiti changu hakivuki pale. Anashona barakoa kutwa nzima na moja amenipa, ina maua. Nimeivaa. Mzee wa miaka sabini na moja na maua usoni.

Uliponiita "Namba arobaini na mbili, Chaki," nilishtuka. Jina hilo walinipa wanafunzi miaka mingi iliyopita nikajifanya silijui, kumbe hata wewe mwanangu ulikuwa unalitumia kisirisiri! Nilisema "Nipo!" kwa nguvu hadi fundi akajichoma sindano.

Haya, masahihisho. Sauti yako nzuri, mpangilio mzuri. Ila unauliza swali halafu unalijibu mwenyewe kabla mtoto hajameza mate. Unaogopa kimya. Ukishauliza, nyamaza, subiri dakika nzima hata kama inakuchoma. Kimya cha darasa huwa kina mtu ndani yake anayetafuta pa kuanzia.

Kasuku nimempenda. Mpe salamu za Chaki.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo. Habari za huko, na goti? Mimi mzima, tunashukuru.

Nimejaribu hilo la kusubiri. Ni mateso, lakini Jumanne watoto wawili walijibu kwa sauti zao wenyewe na mmoja alijibu sawasawa.

Mengine si mazuri. Jumatano Mkuu wa shule alituita kwenye kikao cha kompyuta. Darasa lenye wahudhuriaji chini ya thelathini na watano litaunganishwa na lingine, na mwalimu mmoja ataenda nyumbani. Akaongeza kwamba historia si somo la mtu kulilia. Mimi nilikuwa na thelathini na watatu. Baada ya kikao akanipigia pembeni, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hilo daftari unaliandika wewe, si mimi."

Nilimwelewa. Alhamisi nikawawekea tiki wote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Hata Kasuku, ambaye alikosa tarehe saba na tarehe kumi na mbili, na Alhamisi ingekuwa duara lake la tatu. Najua bando limemwishia tu. Akirudi atatupasua masikio kwa yote aliyoyakosa.

Usinikunjie uso huko ulipo. Kazi hii nikiikosa sasa sitapata nyingine, shule zote zimefungwa. Ni tiki tu, Baba. Haimuumi mtu.

Mwanao,
Kitindamimba

1 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Wewe je?

Wiki mbili hujaniandikia. Darasani nikikuita unasema "Nipo" kwa sauti kavu kama ya mkaguzi, kisha basi. Hunisahihishi, hunitanii. Nikikukosea huwa unaniambia papo hapo. Safari hii kuna nini?

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimeianza mara sita. Mama yako, Mungu amrehemu, alikufa bila kuisikia habari hii, na nilikusudia nawe usiisikie.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule ya bweni ya wasichana. Kukaingia kipindupindu mjini. Shuleni utaratibu ulikuwa hivi: nikishaita majina, daftari linapelekwa kwa mlezi wa bweni saa nne. Yeye anaangalia nani ana duara, anakwenda bwenini kumtazama kitandani mwake. Mabinti walikuwa mia mbili na mlezi mmoja. Asiye na duara hatazamwi, kwa sababu yuko darasani.

Wiki ile wakaguzi walitarajiwa. Mkuu akatuambia tusiweke maduara, wakiyaona mengi watafunga shule kabla ya mtihani. Nami nilikuwa kijana, nilitaka kazi, nikatii. Kulikuwa na binti mmoja aliyekaa kiti cha nyuma, hodari wa kuchora ramani. Jumatatu hakuja. Nikaweka tiki. Jumanne nikaweka tiki. Jumatano na Alhamisi vilevile. Wenzake walihamia chumba cha pili kwa hofu ya ugonjwa, wakadhani amepelekwa zahanati. Mimi nilidhani wenzake wanamtazama. Mlezi alilitazama daftari langu akaona yupo darasani.

Alikutwa Ijumaa kwenye kitanda cha juu, pembeni. Kikombe kilikuwa kimeanguka chini na hakuwa na nguvu ya kushuka kukiokota. Alikuwa na kiu, mwanangu. Alifariki Jumamosi saa nane mchana.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Daftari lile bila shaka lipo mahali hadi leo, na mtu wa somo letu la historia akilifungua ataamini kwamba siku nne zile alikuwa kwenye kiti chake ananisikiliza. Mwandiko wangu unamwambia hivyo.

Hasira niliyokuwa nayo si juu yako, ni juu yangu. Lakini nakusikia kila Jumanne na Alhamisi. Unaita jina la Kasuku, pananyamaza kidogo, unaendelea. Najua mkono wako unaandika nini katika kile kimya.

Nenda kamtazame. Usinijibu kwanza, nenda.

Baba yako

13 Juni

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikavaa barakoa, nikaenda shuleni kutafuta anwani.

Wanakaa vyumba viwili juu ya duka la matairi. Nilibisha mpaka mwenye duka akatoka kunitazama. Mwishowe akafungua Kasuku mwenyewe. Amekonda, Baba. Niliposema jina lake hakusema kitu, yeye, akarudi ndani nami nikamfuata.

Mama yake ni mfagizi wa hospitali. Alilazwa mwanzoni mwa Mei, kwenye hospitali hiyo hiyo anayoifagia. Mtoto akabaki na bibi yake peke yao, na bibi naye ana homa siku ya kumi. Alikuwa amemwegemeza kwa mito, anamlisha maji kwa kijiko. Hakumwambia mtu kwa sababu mama yake alichukuliwa na hajarudi, aliogopa bibi naye atachukuliwa. Simu ilikuwa juu ya meza, imechajiwa. Haina bando wala salio, lakini kupokea inapokea.

Nikamuuliza kwa nini hakutuma hata mtu shuleni. Akaniambia, "Mwalimu, nilijua mtapiga. Wewe ulisema mara tatu mfululizo. Nilikuwa nahesabu."

Gari la wagonjwa lilikuja mchana. Daktari aliniuliza mbona tumechelewa hivi. Bibi alifariki Ijumaa, yaani jana. Mama anapata nafuu ila hajaambiwa. Kasuku yuko kwa mama yake mdogo. Mimi sijui nitamtazamaje usoni, na aibu yangu kubwa ni kwamba nashukuru simuoni, naona kibao cheusi.

Nimelirekebisha daftari. Kila tiki ya uongo nimeizungushia duara, nikaandika tarehe ya kusahihisha na jina langu, nikampelekea Mkuu. Alilitazama muda mrefu. Darasa litaunganishwa na kazi yangu inaisha tarehe 24 Julai. Sikumbishia.

Sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Wewe unayajua kutoka ndani.

Mwanao,
Kitindamimba

22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi wowote.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Bibi wa watu alale pema. Hutalisahau hilo, wala sitakudanganya kwamba miaka italipunguza, mimi langu lina miaka arobaini na sita na bado linajua njia ya kuja. Lakini mtoto yu hai. Ulikwenda. Mimi sikwenda. Shika hapo pale itakapokuwia vigumu.

Kazi isikuumize sana. Kuna chumba hapa na kuna ubao wa pasi.

Sauti imenikauka kidogo, vumbi la barazani hilo. Kwa hiyo darasani sitajibu kwa mdomo, fundi ataniandikia "Nipo" kwenye simu. Wewe endelea kuniita. Na usije kabla njia hazijafunguliwa, utasumbuka bure.

Nasitisha hapa, kuna wageni mlangoni.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kiasi. Wewe na koo lako?

Nimekuwekea tiki sita tangu uanze kujibu kwa maandishi. Hukosi hata dakika, unaingia kabla yangu. Wanafunzi wanadhani Chaki ni mkaguzi kutoka wizarani, siku hizi wananyooka kweli.

Kasuku amerudi. Kwa sasa anasema "Nipo" tu. Jumanne niliuliza kwa nini watu walioshuhudia jambo moja husimulia tofauti, nikasubiri dakika yako nzima, akasema taratibu, "Wengine wanaogopa." Nilizima kipaza sauti nikalia, kisha nikaendelea.

Baada ya kipindi nilikuandikia pale pale kukuuliza umekionaje. Ukajibu, "Vizuri sana mwalimu." Nimecheka peke yangu. Tangu lini wewe ukamwambia mtu vizuri sana? Mimi mwenyewe katika miaka thelathini na minne ya kuwa mwanao sijawahi kuipata. Nikamtumia fundi ujumbe, anasema u mzima, sauti tu haijarudi. Mwambie asikuandikie maneno yake, akuandikie ya kwako, hata kama ni kumi na mbili kwa ishirini.

Njia zinafunguliwa tarehe 25. Tarehe 26 niko mlangoni kwako na ubao wangu wa pasi.

Mwanao,
Kitindamimba

11 Julai

Mwanangu,

Mwandiko huu uusamehe, naandikia gotini, na goti lenyewe unalijua.

Mimi si mzima.

Niko wodini tangu tarehe 22 Juni. Barua niliyokuandikia siku ile niliiandika nimekaa sebuleni nasubiri gari la wagonjwa. Wageni niliokuambia wako mlangoni walikuwa ni wao. Fundi nilimwomba mimi. Nilimwambia kila Jumanne na Alhamisi aingie kwa jina langu aandike "Nipo", kwa sababu nilijua ukiweka maduara matatu ungepanda hata lori la mkaa uje, uugue kwa ajili yangu. Alikataa, akalia, nikamlazimisha. Ukimwona usimkaripie.

Unaliona nililofanya. Nilikuandikia kurasa mbili za kuungama, halafu wiki tatu hazijapita nikarudia lile lile, nikalifanya ndani ya daftari la mwanangu. Nilijiambia ni mapenzi. Mkuu wetu wa wakati ule naye nadhani alijiambia hivyo, kwamba anawapenda wanafunzi wake wafanye mtihani.

Hawaruhusu watu kuingia humu. Ningependa ungekuwepo, hata kule nje upande wa pili wa kioo, nikuone. Nalisema wazi kwa kuwa sitaki kukuachia uongo mwingine. Naogopa, mama. Asubuhi pumzi inakuja, jioni haiji vizuri.

Zile tiki sita zifute. Andika tarehe ya kusahihisha.

Mfagizi wa wodi amekubali kunipelekea barua hii posta. Nimemfikiria mama yake Kasuku.

Baba yako

24 Julai

Baba,

Sikuamkii, maana hakuna wa kuniitikia.

Barua yako ya tarehe 11 niliipata tarehe 20. Fundi alinipigia tarehe 14, saa mbili asubuhi, kabla ya kipindi. Nilidhani anataka kuniuliza jambo la simu yake, kumbe umefariki usiku ule. Kweli nilipanda lori, si la mkaa, la unga, dereva alinionea huruma. Nilifika tarehe 15 saa saba mchana. Walikuwa wameshakuzika saa tatu, watu wanane, na waliokubeba wamevaa nguo nyeupe hadi machoni. Nilikuta udongo bado umelowa na glavu moja imesahaulika pembeni.

Fundi nilimkaripia. Hukuwa umeniomba bado, barua yako ilikuwa njiani. Nilimwambia maneno mabaya pale barazani kwake, mbele ya kiti chako na ile alama ya chaki, naye alisimama akayapokea yote. Alisema kitu kimoja tu: kila alipoandika "Nipo" alikuwa anakitazama kiti chako. Jana nilimpigia kumwomba radhi. Alilia, nami nikalia, hatukumaliza.

Na wewe nina hasira na wewe, Baba. Nilale nayo wapi? Uliniambia nenda kamtazame mtoto wa watu, ukanifungia njia ya kuja kukutazama wewe. Wiki tatu nilikuwa nazo. Ningekaa nje ya kioo. Ningekaa pale kila siku na kuugua ningeugua. Nilikuona kila saa nne, nikakutania, nikakuwekea tiki.

Nimelala nyumbani kwako siku tatu. Barua yangu ya tarehe 9 niliikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Zilizotangulia zilikuwa mezani, zote zimesahihishwa. Ile yenye "ni tiki tu" umeipigia mstari mmoja mwekundu, hukuipa alama. Ile ya Kasuku umeipa kumi na tisa kwa ishirini. Nimeipekua mbele na nyuma, sijui ile moja imekwenda wapi, na sasa nitamuuliza nani?

Jana, Alhamisi, nilifundisha kipindi changu cha mwisho. Kabla ya kuita majina niliwaeleza Chaki alikuwa nani. Niliwaeleza na habari ya binti wa ramani, kisha nikaeleza yangu, ya tarehe 14 Mei, na bibi. Sikujua Kasuku ataondoka ama atabaki. Alibaki. Kibao chake kilikuwa pale muda wote, na nilipomaliza akawasha kamera. Alikaa tu nimuone.

Nikaita majina. Walikuwepo ishirini na tisa. Zile tiki zako sita nilikuwa nimeshazizungushia duara na kuandika tarehe, kama ulivyotaka. Nilipofika mwisho nikasema, "Namba arobaini na mbili, Chaki."

Nikanyamaza. Nilisubiri dakika nzima, Baba, na hakuna mtoto aliyekohoa.

Kisha nikaandika duara.

Mwanao,
Kitindamimba